Ndama wa Kuazima

Zamani zile ngamia na panya walipokuwa wakiamkiana, Bi Panya, mama wa watoto kumi na wawili, alikuwa na desturi njema. Kila asubuhi alikaa mbele ya shimo lake, na mama yeyote aliyetatizwa na kunyonyesha alikaribishwa bure, bila miadi.

Siku moja akatokea Bi Ngamia, kichwa juu kama kawaida yake. Chuchu zilikuwa zimemchubuka, na ndama wake alikuwa akilia njaa siku ya pili. Lakini kuomba msaada kwa panya! Angeuweka wapi uso wake?

"Shoga, sikuja kwa shida yangu," alisema. "Nina jirani, mtoto wake hanyonyi."

"Maskini! Na huyu ndama?"

"Huyu nimemwazima tu, nipate kujifunza."

Akina mama waliokuwapo wakaangaliana. Bi Panya hakucheka.

"Basi msogeze. Ngoja apanue kinywa. Haya, sasa! Ashike hadi kwenye titi, si ncha ya chuchu peke yake."

Ndama akashika, akanyonya mpaka povu likamjaa mdomoni. Maumivu yakatulia, na Bi Ngamia akajikuta machozi yanamtoka.

"Umeelewa vizuri," alisema Bi Panya. "Sasa mtoe titini, tumrudishe kwa mama yake."

"Thubutu!" alimaka Bi Ngamia. "Mama yake ni mimi!"

Kicheko kikavuma, naye mwenyewe akacheka.

"Wahenga walisema mficha uchi hazai," alisema Bi Panya. "Mimi naongeza: wala hanyonyeshi."