Sukuma Isiyo na Tundu

Jembe lilipindua tuta la Nekoye na hakukutokea hata nyungunyungu mmoja.

Wanakikundi wa kilimo hai waliinama, wakachungulia. Hapo Kiamunyi walichimbiana matuta kila msimu kuona ni udongo wa nani ulio hai, na mwalimu wao alikuwa Nekoye. Ndiye aliyewakataza dawa za wadudu za dukani. Nyuma yake sukuma wiki yake ilisimama, pana, laini, bila tundu hata moja.

"Labda ni hii jua," jirani yake alisema. "Si uchukue wangu, mwalimu? Mimi niko nao wengi."

Akaenda kwenye tuta lake, lenye majani yaliyotobolewa kama chujio, akarudi na udongo mweusi kwa viganja viwili, akammiminia Nekoye mikononi.

Nyungunyungu walikuwa baridi. Mmoja alijizungusha kwenye kidole kilichokuwa bado kinanuka dawa aliyopuliza juzi alfajiri, kabla majirani hawajaamka. Nekoye alishindwa kuinua uso.

"Waweke polepole," jirani alisema, akimfukulia shimo. "Wasiumie."

Nekoye akapiga magoti, akawashusha shimoni mmoja mmoja, akawafunika vizuri, kama alivyofundisha.