Jogoo Katika Kila Insha

Zamani, kasuku walipokuwa walimu, Mwalimu Kasuku aliwafundisha watoto wa wanyama mwanzo mmoja tu wa insha: "Jogoo alipowika, niliamka." Wote wakauandika, naye akasahihisha akisinzia, mpaka akafika kwa Popo mdogo: "Jua lilipozama, mama aliniamsha, akanipangusa uso kwa bawa lake."

"Wee Popo! Nani huamka jua likizama?"

"Sisi, Mwalimu. Jogoo akiwika ndipo tunapolala."

Kasuku akaisoma tena. Usingizi ukamruka.

"Ahsante sana, mwanangu," akasema kwa sauti ya chini. "Miaka yote hii nilikuwa nasahihisha insha yangu mwenyewe. Leo ndiyo kwanza nasoma ya mwanafunzi."

Tangu siku ile, jogoo akawa anawika katika insha ya Kifaranga peke yake.