Nyuzi za Mgomba

Kazi ya Sakina maabarani ilikuwa kupitisha nyuzi za mgomba kwenye mionzi, mpaka zinyonye maji kuliko pamba. Mdogo wake Zamda alipojifungua na damu ikagoma kukatika, Sakina alikimbilia zahanati na pedi zote alizozitengeneza kwa nyuzi hizo.

"Zinanyonya vizuri sana, dada," muuguzi alisema, akibadilisha nyingine.

"Na damu itakatika?"

Muuguzi alichungulia tena dirishani. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwama ng'ambo ya mto.

Zamda alitabasamu kwa midomo iliyopauka. "Umenifanyia kazi nzuri, dada. Hata shuka halijalowa."

Sakina akaweka pedi nyingine, nyeupe, akaikandamiza kwa viganja vyote viwili. Wekundu ukachomoza katikati, ukaanza kutambaa taratibu kuelekea vidoleni mwake.