Shati la Mtihani

Mbaruku alikuwa akilipiga pasi shati jeupe, lile ambalo wanaume wa mtaa wake huazimana kila unapofika mtihani wa kazi za serikali. Yeye alishalivaa kwenye mtihani wa taifa, kisha kwenye ule wa mkoa, na kazi hakupata. Kesho ilikuwa zamu ya jirani yake, Kheri, aliyesimama mlangoni akisubiri.

"Kaka, wewe umeifanya yote miwili. Upi mgumu?"

"Wa taifa. Maswali mengine hata sikuyaelewa."

"Afadhali. Mimi nafanya wa mkoa."

Mbaruku aligeuza kola. Pasi ilikuwa imeanza kupoa, lakini hakuongeza mkaa.

"Wa mkoa maswali niliyajibu yote," alisema. "Ila msimamizi alikuwa Tunu, yule niliyemfundisha hesabu hapa hapa barazani. Alipokuja kuchukua karatasi yangu akaniamkia, 'Shikamoo, mwalimu.' Ukumbi mzima ukageuka."

"Ukamjibuje?"

"Marahaba."

Mbaruku alifunga vifungo vyote mpaka shingoni, akalikunja shati vizuri, kisha akalikunjua, akaanza kulipiga pasi upya kwa pasi iliyokwisha kupoa.