Kamba za Gauni

Tangu Shamila afanyiwe upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula ili akonde, gauni la harusi lilikuwa limepunguzwa mara tatu. Leo kamba za mgongoni zilikataa kukutana.

"Umeanza kula," alisema Bi Rukia, mama wa bwana harusi. Yeye ndiye aliyegharamia upasuaji, maana hakutaka picha za mwanawe ziharibike.

"Hata uji unanirudi, mama."

Fundi cherehani alizungusha futi kiunoni, akapima tena chini ya kitovu. Kisha akaweka kiganja pale na kumtazama Shamila usoni. Alishazaa saba, hakuwa na haja ya kuuliza.

Shamila hakuwahi kuruka kidonge hata siku moja tangu mchumba aanze kumwita chumbani. Lakini siku ya vipimo vya kabla ya upasuaji, nesi alipomuuliza kama anatumia vidonge vya kuzuia mimba, Bi Rukia alikuwa kiti cha pili, mkoba mapajani. Binti aliyeposwa angejibu nini? Alisema hatumii. Nesi akafunga faili, na hakuna aliyemwonya kwamba baada ya kukatwa, tumbo linaweza kukipitisha kidonge bila mwili kufaidi chochote.

Bi Rukia alikuwa amekiona kile kiganja.

"Kaza," alimwambia fundi. "Zimebaki wiki mbili. Baada ya picha tutajua la kufanya."

Fundi alizungusha kamba ngumini, akaegemeza goti mgongoni mwa bi harusi, akavuta. Kwenye kioo, mikono ya Shamila ilikuwa imeshateremka tumboni, inapapasa juu ya satini.