Mtaona Nini Nyinyi Wawili?

Aikaeli alivua kiatu cha kulia, akakanyaga sakafu ya ukumbi kwa soksi, akajizungusha kidogo juu ya kisigino. Mbao. Mbao kavu zilizong'arishwa, wala hazilii. Akavua na cha kushoto.

"Hapa watu watacheza," alisema.

Thadei, mchumba wake, alikuwa na shughuli zake. Tangu waingie alikuwa anahesabu: ngazi kumi na nne, reli imara upande wa kulia, mlango mpana. Sasa akapiga kofi moja, akatulia kulisikiliza. Kofi likaenda, likarudi, likakoma.

Ilikuwa saa tisa na nusu mchana, na wao walikuwa chini ya jengo la zamani huko Stratford, nyuma ya maduka. Msimamizi wa ukumbi, Mkongo aitwaye Déogratias, aliwajibu kupitia spika ya kengele ya mlangoni kwamba waingie tu, washuke, yeye anapokea mzigo wa viti na atawafuata. Robo saa ilikwisha pita. Hawakumngoja.

Muda wao wa mwisho ulikuwa saa kumi kamili. Ikifika saa kumi bila Aikaeli kusema neno, shangazi yake Gaudensia angelipia ule ukumbi wa Southall na mjadala ungefungwa. Hivyo ndivyo kamati ya harusi ilivyoamua, kamati ya watu kumi na wawili, na bibi harusi si mmoja wao.

Jumamosi iliyotangulia walikwenda Southall wote, msafara mzima, wakajaza nusu ya behewa. Meneja wa kule alizungumza na shangazi. Akamuuliza shangazi wageni wangapi, akamuuliza shangazi harusi lini, akamuuliza shangazi hata bibi harusi anapenda keki gani. Naye Aikaeli yuko palepale katikati yao, kashikwa mkono na mama yake kama mtoto wa chekechea, na umri wake miaka thelathini na mmoja. Wenzake wakasifia mapazia. Yeye akasema zulia ni zito, dari inameza sauti, na humo ndani angepotea. Shangazi akacheka, akasema mchagua jembe si mkulima.

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," Aikaeli alimjibu. "Harusi ni yangu. Wiki ijayo nakwenda kutafuta na Thadei, basi."

Hapo kila mwenye mdomo akaufungua. Mama aliomba achukuliwe japo yeye peke yake. Tatiana, binamu yake, alijitolea kuahirisha zamu kazini. Lakini lililomchoma Aikaeli ni swali la shangazi, maana aliliuliza mbele ya watu, tena kwa huruma.

"Mtaona nini nyinyi wawili?"

Hasira ya swali hilo alikaa nayo wiki nzima. Tangu utotoni hakukosa mtu wa kumchagulia: gauni, shule, hata kiti cha kukalia kanisani. Katika harusi hii alitaka kitu kimoja tu, na hakuwahi kukitaja mbele ya kamati kwa sababu alijua wangekikataa kabla hajamaliza sentensi. Alitaka kuingia ukumbini peke yake. Asishikwe mkono na mtu, awe baba, awe mama, awe shangazi. Aende kwa miguu yake mwenyewe mpaka kwa mume wake, na wao wote wamtazame.

"Nenda kasimame jukwaani," alimwambia Thadei. "Halafu imba."

"Niimbe nini?"

"Chochote. Usinyamaze tu."

Thadei akaenda, akaanza kuimba kipande chake cha kwaya, besi tupu, bila aibu. Aikaeli akarudi mlangoni. Akanyoosha mgongo, akaanza kutembea. Hapa ndipo kamati ingemshinda au yeye angeishinda. Hatua kumi. Sauti ya Thadei ilikuwa mbele yake, safi, haikuyumba. Hatua ishirini, na bado anakwenda moja kwa moja. Kwenye hatua ya thelathini na mbili kiganja chake kikagusa kifua cha Thadei.

Alicheka, kisha akalia kidogo kwa furaha, na Thadei akaendelea kuimba kwa sababu hakuwa ameambiwa aache.

Simu ikaita. Alikuwa Mama.

"Saa kumi kasoro kumi, mwanangu. Shangazi yako keshashika kadi ya benki."

"Mwambie airudishe. Ukumbi nimepata."

"Umepata? Mapazia yake yakoje?"

"Mama, siolewi na mapazia."

Aikaeli alijiandaa kwa vita. Lakini Mama akashusha pumzi, akasema haya, kama ameupenda yeye basi yamekwisha, na shangazi ataambiwa.

Hapo viatu vikasikika vikiteremka ngazi kwa haraka. Vikakosa ngazi ya mwisho, mtu akajigonga ukutani, kiti kikaanguka.

"Munisamehe sana," alisema Déogratias, akihema na kujisugua goti. "Umeme wa huku chini ulikatika tangu asubui, na dirisha hakuna hata moja. Muda wote huu muko mu giza hivi?"

Aikaeli alivaa viatu vyake, akaikunjua fimbo yake nyeupe. Thadei akaikunjua ya kwake.

"Giza gani?" akauliza.