Sifa za Mpangaji

Siwema alipomaliza kumtia Bi Zamda dawa ya macho, simu yake iliita. Alipokea, akasikiliza kidogo, kisha akampa Bi Zamda, mwenye nyumba wake.

"Bibi, ni yule mwenye chumba karibu na kazini kwangu. Anataka kuulizia tabia zangu. Mimi naenda kuanua nguo."

Bi Zamda alibaki na simu sikioni. Akimsifu, Siwema atahama, na hana mwingine wa kumtia dawa asubuhi na jioni.

"Huyo binti ana kelele?" sauti ya mwanamume iliuliza.

"Anazo. Cherehani yake haina adabu, inalia mpaka usiku."

"Ahaa. Wapangaji wangu hawapendi kelele, mama. Basi nitatafuta mwingine."

Nje ya dirisha, Siwema alikuwa amesimama na nguo kifuani, amegeuza mgongo ili asisikie hata neno.

"Ngoja, baba," Bi Zamda alisema. "Nimekudanganya. Hiyo cherehani ndiyo inayonibembeleza nikalala. Hajawahi kunipita bila salamu. Huyu ni mtu."

"Nashukuru, mama. Basi namchukua."

"Humchukui bado. Wewe nani anakusifu?"

"Mimi?"

"Wewe. Nipe namba ya mpangaji wako aliyehama mwisho, nimuulize kilichomhamisha."

Bi Zamda alivuta kigoda kwa mguu, akakaa, akaibana simu sikioni na kusubiri namba.